Kayaki ya pedali kwenye mawe ya Goma

Nimekuwa nikivua tilapia Ziwa Kivu kwa kayaki ya pedali, mtumbwi mdogo wa plastiki unaoendeshwa kwa miguu, upande wa Himbi hapa Goma, muda wa kutosha kujua wapi inachakaa. Wengi huniuliza kama bodi, yaani mwili wa kayaki, itapasuka. Bodi si tatizo. Kinachotaka jicho kila wiki ni mtambo wa pedali.

Pwani yetu inajulikana: mawe ya volkano, makali. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na mawe kama hayo yamejificha chini ya maji. Bodi ni ya polietilini nene, aina ya plastiki. Ikigonga jiwe inabonyea au kuchubuka, haivunjiki. Kinachoimaliza ni kuburutwa. Sehemu ya nyuma chini huliwa polepole mpaka tundu litokee, na hapo gundi haisaidii, maana polietilini haishiki gundi. Inabidi fundi ayeyushe kijiti cha plastiki ya aina ileile. Ndiyo maana mimi huipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi ukingoni, halafu tunaibeba watu wawili.

Sasa mtambo. Wangu ni wa propela. Uzuri wake ni kwamba ukipiga pedali kinyume, unarudi nyuma, jambo linalosaidia sana samaki anapokuvuta kuelekea kwenye mawe. Ubaya, propela hubaki imening'inia chini ya bodi. Ule mfumo wa mapezi, ambao Hobie ya Marekani iliuanzisha mwaka 1997, unakuwezesha kuyalaza mapezi chini ya bodi ukifika maji mafupi. Kwa Kivu yenye mawe, ningenunua leo, ningechukua mapezi.

Mwenye propela aangalie pini ndogo inayoishika kwenye shafti, yaani mhimili unaoizungusha. Imetengenezwa ikatike propela inapogonga jiwe, ili gia zipone. Mafundi wetu ni wepesi wa kukuchongea nyingine ya chuma kigumu. Kataa! Ikigoma kukatika, meno ya gia ndiyo yatakayokatika, na gia haipatikani hapa mjini.

Adui mwingine ni uzi wa nyavu. Vipande vya nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, huelea kila mahali, vikajizungusha kwenye shafti na kukata sili, yaani mpira unaozuia maji kuingia kwenye gia. Maji yakishaingia, grisi inageuka nyeupe kama maziwa. Ukiiona hivyo, fungua siku hiyohiyo, safisha, paka grisi mpya isiyoondoka na maji. Kila nikirudi nachomoa mtambo, nausuuza kwa maji ya mvua, nakagua uzi, naufuta. Maji ya Kivu yakikauka huacha ukoko mweupe, hasa kwenye kamba za usukani.

Kayaki yenyewe naiweka kivulini, kichwa chini, juu ya mbao mbili. Jua letu la juu mlimani hukausha plastiki.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji pini, sili na kamba za usukani zinauzwa wapi. Akisitasita, tafuta modeli nyingine. Akizipata, agiza za akiba zije pamoja na kayaki.