Msasa Laini wa Kununua Arusha na Moshi: Chembe Moja Iliyozidi Huharibu Kazi Nzima

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana: meza ya mninga imepigwa msasa hadi mkono ukateleza, vanishi ikapakwa, na ilipokauka mikwaruzo mirefu ikajitokeza. Fundi hulaumiwa, ilhali mara nyingi chanzo ni chembe moja kubwa ya msasa iliyochanganyika na zile ndogo, ambayo huchimba mfereji usioonekana mpaka vanishi iuonyeshe. Usawa wa chembe ndio kipimo nilichokitumia hapa.

Kabla ya kununua shuka nyingi za msasa, nunua moja. Isugue mara chache, kwa mstari ulionyooka, juu ya kipande cha bati lililopakwa rangi nyeusi inayong'aa, kisha ukimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Mistari yote ikilingana, msasa ni mzuri. Mmoja ukijitokeza kuliko mingine, usiupeleke kwenye kazi ya mteja.

Ninaoupendelea, na sifichi, ni Matador wa kampuni ya Starcke ya Ujerumani. Ni msasa wa maji wenye chembe nyeusi za kabaidi ya silikoni, na karatasi yake haivunjiki ikikunjwa baada ya kuloa. Kwa chuma sioni wa kuushinda, mradi chuma kikaushwe mara moja kisishike kutu. Kwa mbao, autumie fundi katikati ya mikono ya vanishi, kuanzia P320 au P400 (P ni kipimo cha Ulaya cha ukubwa wa chembe; namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi), kwa sababu maji kwenye mbao tupu huinua nyuzi.

Wa pili ni Wetordry wa 3M, jina lililoingia sokoni Marekani mwaka 1921. Ni bora, ila soma mgongo wake kwa makini: namba 600 ya kipimo cha Marekani inakaribiana na P1200, ambayo chembe zake ni za mikroni 15 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati P600 ni karibu 26. Herufi hiyo moja ndiyo inayotenganisha kazi mbili tofauti kabisa.

Wa tatu ni Mirka wa Ufini, hasa kwa mbao kavu na mashine. Misasa ya bei ya chini isiyo na jina itumike kuondolea rangi ya zamani tu.

Linaloniudhi ni namna msasa unavyouzwa. Shuka ya milimita 230 kwa 280 hukatwa vipande vinne, mhuri wa namba ukabaki kwenye kimoja, na mnunuzi wa vingine akaambiwa kwa mdomo tu kwamba ni "mia sita". Baya zaidi, msasa laini hulazwa chini ya namba 60 na 80, zenye chembe kubwa, kwenye rafu moja, chembe za juu zikadondokea za chini, hivyo hata Matador halisi hutoka dukani ukiwa na kasoro ambayo kiwanda hakikuiweka, na bei haipungui hata shilingi. Dai shuka nzima yenye mhuri, itoke katikati ya pakiti, na muuzaji akikataa kuifungua, nenda duka linalofuata.