Haidrazidi ya biotini kwenye RNA na kwenye sukari za protini: uzoefu wangu

Nimetumia haidrazidi ya biotini, kemikali inayobandika alama ya biotini (vitamini ndogo) kwenye molekuli ili zionekane, kwa miezi minane, kwanza kwenye RNA na baadaye kwenye protini zenye minyororo ya sukari, na ninamwandikia mtafiti anayejiuliza kama ainunue badala ya kifurushi cha kimeng'enya cha kubandika alama. Kilichonivuta ni usafirishaji: unga huu ulifika bila barafu kavu, ilhali kimeng'enya kikilala forodhani siku mbili tatu, huwa nakifungua kwa mashaka.

Kabla ya haidrazidi hutangulia peryodati ya sodiamu, ambayo hukata kifungo kati ya kaboni mbili jirani zenye haidroksili (OH). Kwenye RNA jozi hiyo kwa kawaida ipo kwenye ribosi (sukari ya RNA) ya mwisho, upande wa 3′, na hapo huzaliwa aldehaidi, vikundi vya kemikali ambavyo haidrazidi hushikamana navyo. DNA haina jozi hiyo, nami niliitumia kama sampuli ya kulinganishia. Kwenye protini, peryodati ya milimola 1 kwa lita, juu ya barafu na gizani, iligusa hasa asidi ya sialiki, sukari inayokaa kwenye ncha za minyororo hiyo. Nilipoipandisha hadi milimola 10 katika joto la chumba, sukari nyingine nazo zilishika alama.

Majaribio yangu mawili ya kwanza hayakutoa kitu, na kosa lilikuwa langu: RNA ilikuwa kwenye bafa (myeyusho wa kudumisha pH) ya Tris, ambayo amini yake hushindania aldehaidi, na mabaki ya gliseroli yalikuwa yakiila peryodati kabla haijaifikia RNA. Nilipoisafisha kwa ethanoli na kuhamia bafa ya asetati yenye pH 5.5, alama ilionekana siku hiyohiyo.

Ninachomlaumu muuzaji ni karatasi ya maelekezo, ambayo haitaji maziwa hata mara moja. Nilifunika nafasi tupu za utando unaobeba sampuli kwa maziwa ya unga, kama tulivyozoea tunapotumia kingamwili, nikapata picha hafifu, kwa kuwa maziwa yana biotini yake inayokalia nafasi nne za streptavidini, protini inayoshika biotini na kuifanya alama ionekane. Albumini ya ng'ombe iliyo safi ilirekebisha hilo.

Udhaifu wenyewe wa njia hii ni kwamba alama hukaa kwenye ncha moja tu, hivyo RNA ndefu iliyo adimu huonekana kwa shida. Kwa RNA ya aina hiyo mimi hupachika nukleotidi (vijenzi vya RNA) zenye biotini wakati wa unakili, yaani RNA inapotengenezwa kutokana na DNA. Kwa RNA fupi, nimeshaagiza kichupa cha pili.