Uzoefu wangu na santuri za New Grass Revival

Muziki wa bluegrass, ule wa ala za nyuzi wa mashambani Marekani, ulinifikia kupitia ukuta. Naishi Bowling Green, Kentucky, na jirani yangu ni mzee mstaafu ambaye kila Jumapili jioni huweka santuri. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba. Miezi ya mwanzo nilisikia mlio wa banjo nikaupuuza, nikajua ni nyimbo za wazee wa mashamba ya huku na mimi hazinihusu. Jioni moja nikasikia kitu ninachokijua. Ulikuwa One Love, wimbo wa Bob Marley, lakini uliimbwa kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, kama ya kiongozi wa kwaya siku ya Pasaka, na chini yake banjo ilikuwa inatiririka kama maji. Nilizima jiko, nikaenda kupiga hodi.

Mzee alifungua mlango jalada la santuri likiwa mkononi. Santuri inaitwa On the Boulevard, ya mwaka 1984, na bendi ni New Grass Revival. Akanionyesha kwa kidole yule mpiga mandolini (ala ndogo ya nyuzi), Sam Bush, akaniambia ni mtoto wa mji huu huu, amezaliwa hapa mwaka 1952, na kwamba Bunge la Kentucky limeitangaza Bowling Green kuwa mahali ulipozaliwa mtindo wao. Nilikuwa nimekaa hapa miaka mitatu bila kujua. Aliniazima santuri ile, na tangu siku hiyo nimenunua nyingine sita, zote za mkono wa pili. Nimezisikiliza nikitoka zamu ya usiku kiwandani, nikipika, nikikunja nguo. Naandika kwa sababu sijaona mtu aliyeieleza bendi hii kwa Kiswahili, na watu wetu hapa mjini ni wengi, kutoka Kongo, Burundi na kwetu Kigoma. Naamini kabisa kwamba sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tuna masikio ya kuuelewa muziki huu.

Kwanza bluegrass yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuona hawa jamaa walifanya nini. Baba wa muziki huo ni Bill Monroe, mzaliwa wa Rosine, hapa hapa Kentucky, na jina limetokana na bendi yake, Blue Grass Boys. Mwishoni mwa 1945 aliingia Earl Scruggs na banjo yake ya kudonoa kwa vidole vitatu, na hapo muziki ukapata sura unayojulikana nayo hadi leo. Hakuna ngoma wala gitaa la umeme. Mandolini ndiyo inayokata mapigo, cha, cha, cha, ikijibizana na besi, kazi ambayo kwetu ingefanywa na gitaa la ridhimu pamoja na tumba. Wanaume wanavaa suti na kofia, wanazunguka maikrofoni, kila mmoja anasogea mbele zamu yake ikifika na kurudi nyuma akimaliza. Wapenzi wa muziki huo wanaulinda kwelikweli. Ukibadilisha kitu wanakuona umeuharibu.

New Grass Revival walibadilisha karibu kila kitu. Mwanzo walikuwa Louisville, katika bendi iliyoitwa Bluegrass Alliance: Sam Bush, Courtney Johnson wa banjo, Curtis Burch wa gitaa na dobro (gitaa la kulazwa), na Ebo Walker wa besi. Mwaka 1971 hawakuelewana na mpiga fidla wao, na jina la bendi lilikuwa mikononi mwake. Basi wakamwachia jina, wakaondoka wote wanne. Aliyefuatilia bendi zetu za dansi anaijua habari hii: mwenye jina anabaki nalo, wapigaji wanahama, na baada ya siku chache mji mzima unazungumzia bendi mpya yenye mtindo mpya. Jina lao jipya ndilo lililozaa neno newgrass, ambalo sasa linatumika kwa kila bendi inayochanganya bluegrass na mambo mengine.

Santuri yao ya kwanza ilitoka 1972. Imo ndani yake Great Balls of Fire, roki ya piano ya Jerry Lee Lewis, wakiipiga kwa fidla na banjo. Nilikaa miezi minne nikiitafuta, na ilipofika kwa posta ilikuwa imepinda kwa joto, upande mmoja haulii. Muuzaji alinirudishia pesa, lakini huzuni niliyoipata siku ile siisahau. Upande unaolia nimeusikiliza sana. Ni vijana wenye haraka, sauti zao bado hazijakaa, na kurekodi kwenyewe ni kwembamba. Mtu anayeanza asianzie hapa.

Mwaka 1974 aliingia John Cowan, na kwangu mimi bendi inaanza siku hiyo. Ndiye mwenye ile sauti niliyoisikia ukutani. Alikuja na besi ya umeme na koo la roki na soul, na hakuwa ametoka kwenye bluegrass. Sikiliza Fly Through the Country ya 1975. Nyimbo zinaanza kama bluegrass, kisha katikati wanaacha kuimba, na hapo ndipo ninapowapenda kuliko mahali pengine popote. Kwetu tungesema wameingia kwenye chemko. Besi inashika njia moja haitoki, mandolini inakata, halafu banjo inaondoka peke yake, inazunguka, inapotea kabisa mpaka unadhani haitarudi, na inaporudi fidla imeshaipokea. Dakika zinapita. Baba yangu alikuwa na redio ya betri kule Kasulu, na Jumamosi usiku alikuwa akituambia tunyamaze wimbo unapofika kwenye chemko, kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha na sasa magitaa ndiyo yanayosema. Nikiwasikiliza hawa namkumbuka akiwa ameinua kidole.

Hicho ndicho bluegrass ya zamani haikuwa nacho. Monroe alimpa kila mpigaji zamu fupi, basi. Hawa walichukua zamu ile wakaifungulia mlango. Lakini sikiliza vizuri mkono wa Bush kwenye mandolini: yale mapigo ya Monroe yapo palepale, hayajaguswa. Bush alikuwa bingwa wa taifa wa fidla kwa vijana mara tatu kabla ya haya yote. Alikuwa anaujua muziki wa wazee wake kuanzia mzizi, na mimi naona ndiyo sababu mchanganyiko wao haumwagiki. Nimesikia bendi nyingi za siku hizi zinazochanganya, na nyingi unasikia wazi kwamba upande mmoja wameusoma na mwingine wameuazima.

Katika miaka hiyo walitoa santuri kadhaa kwa kampuni ndogo ya Flying Fish. Ya 1977, Too Late to Turn Back Now, ilirekodiwa jukwaani Telluride, mji wa milimani Colorado wenye tamasha la bluegrass kila Juni. Bush ameendelea kupiga pale tangu 1975, na watu wa tamasha wanamwita mfalme wa Telluride. Barren County ya 1979 nimeinunua kwa sababu ya jina: ni kaunti ya Glasgow, mashariki ya hapa, ndiko kwao Courtney Johnson. Ni nzuri, ila haikunishika. Baadaye walimsindikiza Leon Russell, mpiga piano wa roki, kuanzia 1979 hadi 1981, wakizunguka naye nchi nzima. Kuna santuri ya jukwaani ya kipindi hicho. Piano inawafunika, sikuirudia mara ya tatu.

Safari zile ziliwachosha. Mwaka 1981 Johnson na Burch waliaga. Johnson alifariki 1996, na mzee jirani yangu kila anapotaja jina lake anapunguza sauti. Badala yao waliingia Pat Flynn wa gitaa na kijana wa New York, Béla Fleck, wa banjo. Mwaka uliofuata Bush alipatikana na saratani, akapasuliwa, akapona. Ukijua hilo, ile On the Boulevard ya 1984 unaisikia tofauti. Ni santuri ya watu waliokaribia kupoteza kila kitu. Kuna injili ndani yake, kuna rege, kuna vipande vya ala tupu ambavyo siwezi kuvipa jina, na hakuna pahali panapoungwa kwa gundi. Kama una pesa ya santuri moja, nunua hii. Mimi nakala yangu mwenyewe nililipa dola 14, na ningelipa mara tatu.

Ya pili kununua iwe Live. Ilitoka 1989 lakini ilirekodiwa Toulouse, Ufaransa, mwaka 1983. Watu wanne tu jukwaani. Wanapiga Watermelon Man ya Herbie Hancock, jazi kabisa, kwa banjo na mandolini, na wale Wafaransa wanapiga makofi kama wako harusini. Mwanangu, ambaye anajifunza fidla shuleni, alisikiliza wimbo ule mara nne mfululizo kisha akaniuliza, "Mama, hawa wanasoma wapi noti?" Nikamwambia hawasomi, wanasikilizana.

Kuhusu zile tatu za kampuni kubwa, ya 1986 yenye jina la bendi, Hold to a Dream ya 1987 na Friday Night in America ya 1989, nitasema ninavyoona ingawa mzee haafikiani nami. Kampuni ilitaka nyimbo za redio za kantri. Ngoma zikaongezwa, sauti zikasafishwa mno, nyimbo zikakatwa fupi. Kwangu ni kama kumwona mtu unayemfahamu amevaa suti ya kuazima. Lakini kila moja ina kipande cha ala ambacho Fleck amekitunga, na hapo unawakuta wenyewe. Sikiliza Seven by Seven, ile ya 1986. Hesabu ya mapigo yake inanipotea kila mara na bado mguu wangu haukosei.

Redio haikuwalipa walivyostahili. Wimbo wao Callin' Baton Rouge uliingia tu kwenye nyimbo 40 za juu za kantri, na huo ndio ukawa ukubwa wao. Tarehe 31 Desemba 1989 walipiga kwa mara ya mwisho, Oakland, California, wakiwatangulia bendi ya roki ya Grateful Dead usiku wa kuamkia mwaka mpya, wakatawanyika. Miaka michache baadaye Garth Brooks, wakati huo hakuna aliyemfikia katika kantri, aliurekodi wimbo ule ule, akawaita wao wenyewe waje wampigie, na mwaka 1994 ukafika nambari 2. Mzee husema watu wa kazini kwake waliuimba mwaka mzima bila kujua ni wa nani. Mwaka 2020 bendi iliingizwa katika ukumbi wa heshima wa bluegrass, ambao uko Owensboro, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwangu. Nilimpeleka mwanangu. Ni pahali pa utulivu, kuna ala unazoruhusiwa kuzishika na kuzijaribu, na nilikaa nusu saa mbele ya banjo.

Banjo ile imenifikirisha sana. Imekuja Marekani na watumwa. Afrika Magharibi bado kuna ala za ukoo wake, kama akonting ya Wajola wa Gambia na Senegali, zenye kibuyu na ngozi. Na huyu Béla Fleck, baada ya miaka mingi ya kuipiga, mwaka 2005 alifunga safari kuirudisha: Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, kipofu, fundi wa ilimba (ala ya kudonoa kwa vidole gumba) na zeze, na John Kitime wa gitaa. Walirekodi pamoja, na santuri iliyotoka 2009 ilipata tuzo ya muziki ya Grammy.

Santuri hiyo mzee alikuwa nayo. Ilikuwa rafu ya chini, miaka yote hiyo. Jumapili moja aliitoa akaniuliza kama nawajua hao Watanzania. Nikatazama jina lake: Throw Down Your Heart. Nikamwuliza anajua limetoka wapi. Hakujua. Nikamweleza kwamba ni jina la mji wa pwani, Bagamoyo, bwaga moyo, kule misafara ya bara ilikoishia. Wengine husema ni wapagazi waliotua mizigo wakapumua, wengine husema ni watumwa walioiona bahari wakajua hawatarudi tena makwao. Mzee alikaa kimya wimbo mzima. Kisha akachukua kalamu, akanipa jalada, akaniomba niandike maneno yale mawili kwa Kiswahili nyuma yake, chini ya orodha ya nyimbo.