Uzoefu wangu: Hatari! ya John Wayne, Baba akiwa na rimoti

Nilikodi Hatari! mtandaoni Jumamosi usiku kwa ajili ya Baba. Ana miaka sabini na kitu, amekulia Usa River, na tangu nikiwa mdogo anatusimulia jinsi Wazungu wa picha walivyokuja kukimbiza faru. Picha yenyewe hakuwahi kuiona mwanzo hadi mwisho.

Ni ya mwaka 1962, mwongozaji ni Howard Hawks, na sehemu kubwa imepigwa Tanganyika, upande wa Arusha. Wayne ndiye steringi, anaongoza kikosi kinachokamata wanyama wa kupelekwa kwenye bustani za wanyama. Kisa ni hicho tu, usisubiri kingine. Kwa dakika 157 watu wanakimbiza wanyama, wanarudi nyumbani, wanakunywa, wanataniana, kesho yake wanatoka tena. Katikati nilipiga miayo, sifichi.

Lakini huko kukimbiza jamani! Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele ya lori, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo sambamba na mnyama, vumbi limewafunika wote. Si ujanja wa kompyuta, wala hawakumweka mtu mwingine amfanyie Wayne kazi hiyo. Mwanzoni kabisa faru anaigeukia gari na kuipiga pembe ubavuni. Baba akavuta miguu yake juu ya kochi kama anayefuatwa yeye.

Kuhusu Wayne mwenyewe: sioni kama anaigiza sana. Anatembea, anasimama, anakunja uso, na bado macho yanamfuata yeye. Mapenzi yake na Elsa Martinelli ndiyo yaliyonishinda. Wayne amezaliwa 1907, Martinelli 1935, na kila wakikaribiana Baba alikohoa. Martinelli anang'aa zaidi akiwa na watoto wa tembo, pale anapoitwa Mama Tembo na muziki wa Henry Mancini unapoingia.

Kilichoniudhi hakimhusu Hawks. Huduma niliyokodia inaweka maandishi ya chini, na kila mtu anapoongea Kiswahili maandishi yanasema "anaongea lugha ya kigeni". Lugha ya kigeni, Arusha! Na jina la picha je? Niliyazima, na hasara ya bando nimeimeza.

Kama huna subira ya saa mbili na nusu, anza na The African Queen ya 1951. Ina watu wawili na mashua mbovu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na wanapopendana unaamini, kwa sababu wote wamechoka, wamechafuka na si vijana. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa picha hiyo. Hadithi ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, ingawa kamera zilikwenda Uganda na Kongo. Mogambo ya 1953 nayo nimeiona: Ava Gardner anamfunika Clark Gable kila wanapokuwa pamoja, basi.

Kwa Baba hakuna ya pili baada ya Hatari!. Nilidhani anaangalia Mlima Meru, kumbe anawaangalia wanaume wanaoshika kamba nyuma ya Wayne, wale ambao karibu hawapewi neno la kusema. Jirani yao mmoja wa zamani alikuwa akiapa kwamba alipigwa picha humo. "Simamisha hapo. Rudisha nyuma." Tumerudisha mara nne. Kuna mmoja amevaa kofia, anavuta kamba huku amegeuza kisogo. Baba akasema ni yeye. Baadaye kidogo akasema hapana, yule alikuwa mfupi.

Ukikodi unapewa saa 48. Jumapili jioni nikamkuta ameshavaa miwani, ananiuliza kama bado imo.