TAHADHARI: Picha "halisi" za studio ya Gerrard Street anazouza yule mzee ni feki, msinunue

Jamani, nimepigwa. Pauni 640. Nimekaa siku kumi na moja kimya kwa sababu ya aibu, maana mimi ndiye niliyekuja hapa usiku ule kuwaonyesha zile picha, zinazodaiwa kutoka studio ya Harrison Marks, mpigapicha wa warembo wa London miaka ya 1950, na mshirika wake Pamela Green, nikapongezwa na kila mtu. Pongezi zenu nazirudisha. Na zile nne nilizoziweka, kama umezihifadhi, zifute, usimtumie mtu yeyote. Ni feki.

Namzungumzia yule mzee wa meza ya maboksi, kwenye lile soko la majarida na picha za zamani huku Uingereza. Mliokwenda nami mwaka jana mnamjua. Jina silitaji kwa sababu shauri nimeshalipeleka polisi na nimeambiwa nisiliharibu. Lakini kimya sikai.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu najua kuna watu watasema "wewe na uzoefu wako wote, ulidanganywaje?" Kaka wa Reading ameshasema hivyo.

Nilifika saa nne kasoro robo asubuhi, mvua inanyesha, mwavuli umepinduliwa na upepo. Nilikuwa natafuta Spick na Span tu, yale majarida madogo ya warembo, zile za miaka ya 1950, kukamilisha mafungu yangu. Mezani kwake zilikuwepo mbili, nzuri, pini zimeshika kutu, bei juu ya jalada kwa shilingi na pensi kama inavyotakiwa kwa kitu cha kabla ya Februari 1971, Uingereza ilipoacha shilingi. Hizo mbili ni za kweli, nimezikagua mara tatu. Ndiyo mbinu yake: anatanguliza cha kweli.

Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Tanzania wapi? Tanga. Basi, mzee wa watu akasimama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Karibu sana, mama. Habari za Tanga?" Mimi bila kufikiri nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kama mtu aliyelelewa nayo. Akaniambia baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, na kwamba yeye utotoni alikuwa akiogelea Raskazone, na Ngamiani alikuwa akipelekwa na mpishi wao kununua mihogo ya kukaanga. Ngamiani! Studio ya picha ya marehemu baba ilikuwa Ngamiani. Nikamwambia. Akashika kifua.

Sijui kama ni uongo. Mtu hawezi kuijua Raskazone hivi hivi. Huenda kweli alikulia kwetu, na hapo ndipo ninapochomwa zaidi, kwamba aliichukua Tanga yetu akaifanya chambo.

Tukazungumza kama saa nzima. Akaniuliza natafiti nini hasa, nikamweleza yale mnayoyajua: kwamba simfuati Harrison Marks, namfuata Pamela Green. Kwamba watu wanamkumbuka kama mrembo wa kwenye picha tu, wakati jarida lao la Kamera lilipoanza 1957 yeye alikuwa mshirika kwenye biashara, amesomea sanaa Saint Martin's, anapanga mandhari, anashona, anapaka warembo wengine vipodozi, anafuta kasoro kwenye picha kwa mkono wake. Mzee ananisikiliza, anatikisa kichwa. Kisha akaninong'oneza: "Mama, Rita Landré unamjua?"

Nikacheka, nikamwambia si Pamela mwenyewe huyo, kavaa wigi jekundu akajipa jina jingine? Akapiga makofi. Akasema, "Miaka yote hii nakaa na hivi vitu, madalali wanakuja, hakuna hata mmoja aliyenijibu hilo swali. Wewe ndiye mwenyewe."

Ndipo akainama chini ya meza akatoa boksi.

Boksi lilikuwa la karatasi za Ilford, la zamani kweli, pembe zimelika, kifuniko kimekaza. Alipokivua ikatoka harufu. Mnaijua ile harufu, karatasi ya zamani na dawa ya kusafishia picha iliyokauka. Mimi nimekulia ndani ya harufu ile. Juu kulikuwa na karatasi nyembamba ya kufungia, imegeuka manjano. Akaiinua kwa ncha za vidole viwili, polepole, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala.

Ya kwanza ilikuwa Pamela kwenye stuli ndefu, ametupa mgongo, ameangalia nyuma juu ya bega la kushoto. Taa moja kali inatoka upande, nyingine hafifu iko nyuma ya nywele. Kisigino kimoja kiko juu ya mbao ya stuli, kingine kinaning'inia. Kivuli cha mguu ule ukutani kimekatika vizuri mno, na nikaanza kuwaza nani alisogeza taa ile, yeye au Marks. Ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, nyuma yake, muhuri wa zambarau: studio, 4 Gerrard Street, London. Jumla zilikuwa 24, inchi 8 kwa 10. Kati yake mbili alisema si za Marks bali za Roye, mpigapicha yule aliyeshtakiwa kwa kutoa picha za utupu ambazo sehemu za siri hazikufutwa, na kwamba ni za kabla ya vita, 1938.

Akasema mjomba wake alikuwa kijana wa kubeba taa pale studio, kupandisha na kushusha ngazi za Gerrard Street siku nzima, na siku alipoacha kazi hakulipwa, akapewa boksi hili. Maneno yalikuwa na mashiko. Soho ya wakati ule ilikuwa hivyo hivyo, watu wanalipana kwa vitu.

Nikaomba kutoa moja kwenye mfuko. Akasema, "Mafuta ya vidole, mama, baba yako angekuambia." Ni kweli, baba angeniambia. Nikarudisha mkono.

Alianza na 900. Nikasema sina. Akasema kuna Mjerumani anakuja saa tisa alasiri ameshaahidi 800, ila roho yake haitaki picha ziende kwa mtu atakayezikata fremu auze mojamoja. Akashuka hadi 640. Akaniomba nimtumie kwa simu, na nichague kwamba namtumia ndugu, si kwamba nalipia bidhaa, "ili wasinikate." Nikafanya. Nilisimama pale nikabonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Akanipa kikaratasi cha risiti kwa mwandiko wake: picha za zamani, 24. Hakuna jina la mpigapicha, hakuna mwaka. Akanifungia boksi kwa uzi, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Wasalimie Tanga."

Nimesimulia yote hayo mjue kwamba sikukurupuka. Mtu alinifahamu udhaifu wangu ndani ya saa moja akauchezea kama kinanda.

Nyumbani niliwaonyesha nyinyi kwanza, zikiwa ndani ya mifuko bado. Usiku wa Jumatatu, baada ya zamu, watoto wamelala, nikakaa meza ya jikoni nikaitoa ile ya stuli.

Vidole vilijua kabla ya macho. Karatasi ya kusafishia picha ya miaka ile ni nzito, ina uhai, pembe zake huwa zinajikunja kidogo zenyewe. Hii ilikuwa imelala flati, upande wa nyuma unateleza kama plastiki. Karatasi za namna hiyo zilikuja kuenea miaka ya 1970. Nikasema labda ni nakala iliyosafishwa baadaye kutoka kwenye negativu ya kweli. Nilikuwa bado natafuta kumtetea.

Nikachukua lenzi ya baba. Nikaiweka juu ya bega la Pamela.

Vitone.

Bega zima limejaa vitone, mistari kwa mistari, vikubwa penye kivuli, vidogo penye mwanga. Kwa wageni: picha ikiwa jaridani imechapwa kwa vitone vya wino, ndivyo mashine inavyoigiza kijivu. Picha iliyosafishwa chumba cha giza haina vitone, weusi unayeyuka kuingia kwenye weupe. Ukiona vitone kwenye kitu kinachoitwa picha ya studio, maana yake mtu alichukua jarida, akaliskani, akachapa upya.

Nikaamka, nikaleta Kamera zangu. Katika la nne nililofungua, kurasa za katikati, picha ni hiyo hiyo. Na pale pini ya stepla inapopita kwenye karatasi, juu kidogo ya kiti cha stuli, kwenye picha yangu ya pauni 640 kuna kialama cha kijivu, urefu wa punje ya mchele. Kivuli cha pini. Ameiskani na pini yake! Hakuhangaika hata kuifuta. Mimi binti wa mfuta kasoro, niliyemwona baba akinoa penseli mpaka iwe sindano ili aguse negativu, nilikuwa nimekiona kialama kile pale mezani nikadhani ni kasoro ya filamu.

Nililia. Simwonei mtu haya kulisema.

Mengine yakaja mfululizo. Muhuri: chini ya anwani kuna msimbo wa posta kamili, herufi na tarakimu. Kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1958! Uingereza ilianza kujaribu misimbo ile Norwich mwaka 1959, na kuenea nchi nzima ni 1974. Wakati ule ungeandika London W.1, basi. Zile mbili za "Roye 1938" nikazimulika kwa tochi ile ya kukagulia noti, zikang'aa buluu kama shati jipya kwenye taa za disko. Dawa ya kung'arisha karatasi haikuwepo kwenye karatasi za picha kabla ya vita. Na hakuna hata moja yenye rangi ya brashi juu yake. Za kupelekwa kwa mchapaji zilipakwa, maana sheria haikuruhusu kila kitu kionekane, na ukiilaza picha hiyo chini ya taa, mwanga ukija kwa ubavu, unaiona rangi imekaa juu ya karatasi, imeinuka. Kwenye hizi ufutaji umo ndani, umelala pamoja na picha nyingine yote.

Nikampigia simu asubuhi. Hakupokea. Nikamwandikia kwa Kiswahili, kwa heshima, mzee wangu nadhani kuna makosa yametokea. Akajibu kwa Kiingereza, mstari mmoja, kwamba nilinunua nilichokiona. Kiswahili kilikuwa kimekwisha. Kisha akanifungia.

Nilimpa shikamoo mtu yule. Hela inauma, lakini hiyo ndiyo inayoniamsha usiku.

Na siyo mimi peke yangu. Kuna dada wa Leeds ameniandikia faragha, naye aliuziwa boksi kwa hadithi ile ile, ngazi zile zile, mjomba yule yule. Basi huyu ana kiwanda. Sasa hebu fikirini madhara yake. Picha tatu kati ya zile nilishazituma kwa mtu anayeandika utafiti wake, na maelezo yangu chini kwamba zimetoka moja kwa moja studio. Imebidi nimwandikie kumwomba radhi. Pamela alifariki 2010, Marks 1997, hakuna wa kusimama aseme hii siyo yangu. Sisi tunaohangaika kumrudishia mwanamke yule kazi yake, mtu anatuingizia takataka kwenye kumbukumbu kwa sababu ya tamaa ya hela!

Huyu asisamehewe. Msiniambie ni mzee. Sheria ya Udanganyifu ya 2006 ya nchi hii inasema hadi miaka 10 jela kwa anayejipatia mali kwa maelezo ya uongo, na mimi nataka aione hiyo sheria kwa macho yake. Wenye soko wamnyang'anye meza. Muhuri wake ule uvunjwe mbele yake. Nimewaandikia wenye soko mara mbili, wamenijibu wanafuatilia. Waandikieni na nyinyi, mmoja mmoja, msitume barua moja ya pamoja, wakichoka watafanya kitu.

Na jingine kabla sijasahau: alipokuwa akifunga boksi aliniambia mwezi ujao anatarajia negativu za mpigapicha Zoltán Glass, akaniuliza kama nina mtu. Nilimtaja mmoja wenu, na ninaomba msamaha hadharani. Kazi za Glass ziko jumba la makumbusho kule Bradford. Akikupigia, usitoe hata senti, na usikubali kutuma hela "kama ndugu", maana ukituma hivyo hakuna wa kukurudishia.

Aliyenunua chochote kwake, mezani au kwa posta, naomba anipigie picha upande wa nyuma, muhuri uonekane vizuri, anitumie na tarehe aliyonunua. Afisa anayeshughulikia amesema mihuri inayofanana ndiyo itakayomfunga. Mpaka sasa ninayo yangu 24 na 9 za dada wa Leeds.