Risasi za 9.3x62 kwa bei nafuu: ukiwa Dar uanzie wapi

Wakuu, mwenye bunduki ya kaliba (saizi ya risasi) ya .375 hana shida kubwa, akiingia duka la silaha lolote lenye leseni atakuta hata boksi mbili tatu kwenye shelfu. Shida iko kwetu tuliorithi au tulionunua bunduki ya 9.3x62, yaani kichwa cha risasi kina upana wa milimita 9.3 na ganda lake urefu wa milimita 62. Mimi ya kwangu ni Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, ya mzee, nilihamishiwa kihalali baada ya mzee kufariki, leseni ina jina langu, naitumia shambani upande wa Rufiji ambako nguruwe wanamaliza mahindi usiku mmoja tu, na kila nikihitaji risasi inakua safari. Miaka kadhaa nimehangaika na hii kaliba, kwahiyo naandika nilichojifunza ili mwenzangu asipoteze hela kama nilivyopoteza.

Kwanza ujue hii risasi sio mgeni huku. Aliyeitengeneza ni fundi wa Berlin anaitwa Otto Bock, mwaka 1905, na aliipima iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida ili mtu apate bunduki yenye nguvu ya kuwindia Afrika bila kulipa bei ya bunduki za Kiingereza. Wajerumani wa wakati ule walikua na mashamba Tanganyika, ndio maana mpaka leo unakuta Mauser za zamani za 9.3 kwenye familia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaja na kaliba zao, .375 H&H ya 1912 ikatawala, na maduka yakafuata huko huko. Kwahiyo bunduki zipo ila risasi ndio adimu.

Sasa mtandaoni. Hapa naomba nieleweke vizuri kwa sababu watu wengi wanadhani ukishaona bei kwenye tovuti ya Ulaya basi unabonyeza, unalipa na kadi, mzigo unakuja kama simu. Hapana. Kwenye vifurushi vya posta vya kimataifa vilipuzi ni marufuku na risasi zimo humo, nchi inayouza inataka kibali cha kutoa, huku kwetu inatakiwa kibali cha kuingiza, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haikuachii ununue risasi kiholela bila leseni. Intaneti ni ya kutafuta, kulinganisha bei na kujua nini kinatengenezwa. Kununua kunapita kwa muuzaji mwenye leseni, basi. Na mtu yeyote wa Instagram au WhatsApp anayekutumia picha ya boksi la risasi za chapa ya Norma halafu anakuambia tuma nusu kwenye namba hii mzigo utaletwa na bodaboda, mkimbie. Ama ni tapeli, ama risasi ni za wizi, na zikikamatwa kwako zikiwa hazimo kwenye kumbukumbu za leseni yako utajieleza mwenyewe polisi.

Nikipanga njia za kupata, namba moja kwangu ni oda ya pamoja kupitia duka lenye leseni hapa mjini. Sababu ni hesabu ya kawaida tu. Kibali, wakala wa forodha, usafiri wa mzigo hatari, hizo gharama hazijali umeagiza boksi mbili au hamsini, zinakuja karibu vile vile. Ukiagiza peke yako boksi tatu, gharama za makaratasi zinaizidi bei ya risasi zenyewe na utalia. Mkiwa watu sita saba wenye kaliba hiyo hiyo, kila mmoja na leseni yake na kiasi anachoruhusiwa, duka likiunganisha na mzigo wake mwingine wa .375 na .458 ambao lingeleta hata hivyo, bei ya boksi inashuka mpaka unashangaa. Kuwapata hao wenzako sio ngumu, muulize muuza duka mwenyewe, anawajua wote wanaokuja kuuliza 9.3 na kuondoka mikono mitupu. Mimi nilimwachia namba yangu awape, ndani ya miezi miwili tukawa watano. Subira inahitajika, mzigo unaweza kuchukua miezi, kwahiyo usingoje mpaka ubaki na risasi nne ndio uanze kuulizia.

Namba mbili ni kununua kilichopo dukani siku hiyo hata kama ni bei kali, kwa ajili ya dharura tu. Namba tatu ni kusafiri nazo mwenyewe ukitoka nchi ambayo sheria inakuruhusu kununua. Kwenye ndege mwisho ni kilo 5 kwa abiria mmoja pamoja na kifungashio, zinakaa kwenye mzigo wa chini, na shirika lazima likubali kabla. Kwa 9.3 hiyo ni boksi tano sita hivi maana kila moja ina risasi 20 nzito. Vibali vya kutoka na kuingia viko pale pale, halafu Afrika Kusini kwa mfano hawakuuzii risasi bila leseni ya bunduki ya kaliba hiyo. Mimi njia hii naiweka chini kwa sababu presha yake uwanja wa ndege ni kubwa kuliko hela utakayookoa, karatasi moja ikikosewa umelala ndani.

Tuje kwenye chapa maana hapa ndipo hela inapookolewa kweli.

Ninayoipa nafasi ya kwanza ni Sellier & Bellot ya Czech, kiwanda cha tangu 1825, wana 9.3x62 yenye kichwa cha gramu 18.5, yaani grein 285, ncha laini ya madini ya risasi. Huu ndio uzito wa asili wa kaliba hii na Mauser nyingi za zamani zinaupenda, darubini au vilengeo vya chuma vya bunduki ya mzee vililengwa kwa uzito wa aina hiyo. Bei iko chini, inapatikana Ulaya nzima, kwahiyo muuzaji wako hapati kisingizio. Kwa nguruwe, swala, hata pofu kwa umbali wa kawaida wa porini, inatosha kabisa. Ikipiga mfupa mzito kwa karibu kichwa kinaweza kuvunjika sana, hilo ukubali.

Ya pili, na kwa bei zinapishana kidogo tu, ni Prvi Partizan ya Serbia, kwenye boksi utaona PPU, kiwanda kiko Užice tangu 1928. Nayo ni grein 285 ncha laini. Watu wanaidharau kwa sababu boksi halivutii ila mimi nimepiga nayo boksi nne na hakuna hata moja iliyogoma. Kwangu S&B inakusanya matundu karibu karibu zaidi kidogo kwenye shabaha, kwako inaweza kuwa kinyume, kila mtutu una tabia yake. Ikitokea PPU ndio ipo na S&B hakuna, chukua bila kusita.

GECO ya Kijerumani inakaa katikati, ya kwao nyepesi kidogo, grein 255, inaruka kwa kunyooka zaidi ila itabidi ulenge upya bunduki. Kama unapiga maeneo ya wazi sawa, kama ni vichaka vya Kisarawe sioni faida.

Halafu kuna za ghali, RWS, Norma, Lapua, Hornady. Sisemi ni mbaya, hapana, Norma Oryx ina ganda la kichwa lililounganishwa na madini ya risasi ya ndani kwahiyo haisambaratiki, na Lapua Mega nayo inasifika kwa kushika uzito wake. Ila unalipa mara mbili au zaidi. Ushauri wangu, mkiagiza pamoja kila mtu aongeze boksi moja tu ya hizi kwa ajili ya mnyama mkubwa, mazoezi yote yaende kwa za bei nafuu, halafu ucheki zinapiga tofauti kiasi gani kwenye uwanja wa shabaha kabla hujaenda porini. Na kama unachowaza ni nyati au tembo, nchi nyingi za Afrika zinaanzia .375, soma kanuni na masharti ya kibali chako cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) kwanza kabla hujatumia hela kwenye 9.3.

Sasa kilichoniuma mimi. Oda yangu ya kwanza nilisema kwa mdomo tu, "nataka za 9.3", nikalipa advansi, nikasubiri miezi, duka likanipigia nikaenda mbio mpaka mjini Posta, nafungua boksi naona risasi ndefuu na kitako chake kina ukingo umetokeza nje. Ilikua 9.3x74R. Hiyo ni ya bunduki za mitutu miwili na za kukunja, ganda lake ni milimita 74, kwenye Mauser yangu haiingii kabisa. Advansi haikurudi yote. Na kuna 9.3x64 Brenneke ambayo haina ukingo ila ni nene na nguvu zaidi, na 9.3x57 ambayo ganda ni fupi. Zote zinaitwa "tisa nukta tatu". Kwahiyo oda iandikwe, namba zote mbili, 9.3x62, uzito wa kichwa, aina ya ncha, na idadi, muuzaji asaini. Mzigo ukija usiondoke dukani hujasoma boksi na hujageuza risasi moja moja kuangalia maandishi ya kitakoni, mhuri wa kaliba uko pale. Kwenye bunduki za Kijerumani mtutuni wameandika 9,3 na mkato badala ya nukta, usichanganyikiwe, ila kama maandishi yamefutika mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime chemba, pale risasi inapokaa, usibahatishe kwa kujaribisha.

Kitu kingine, ombeni boksi zote ziwe za loti moja, yaani zilizotengenezwa pamoja, namba iko ubavuni au kwenye kifuniko. Loti ikibadilika shabaha inaweza kuhama na mtu mwenye risasi 40 za mwaka mzima hana za kuchezea kila mara analenga upya.

Risasi za zamani mlizokuta kwenye sanduku la babu na bunduki, zile zenye kutu ya kijani, usizipige. Zikabidhi polisi. Nyingi za zamani zilikua na kemikali kitakoni inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na mtutu wa 1920 na kitu ukiliwa na kutu huku kwetu utaupata wapi mwingine.

Na za kwako mpya zitunze, Dar hii hewa ya bahari haina huruma, mimi nakaa Kigamboni naona hata bawaba za milango. Ziache kwenye boksi lake, ndani ya chombo cha chuma au plastiki kinachofunga mpira, tupia vile vipakti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye viatu, fungia kwenye sefu mbali na bunduki yenyewe. Usizipake mafuta, yanapenya kitakoni na risasi inakufa kimya kimya. Kila miezi mitatu nafungua naangalia shaba, ikianza kufifia nabadilisha vipakti.