TAHADHARI: Wakata miti wanaozunguka Riruta na Kawangware baada ya upepo. Usiwape magogo yako

Majirani, hasa nyinyi wa Riruta, Satellite, Kawangware na Dagoretti Corner, someni hii kabla hamjamfungulia mtu geti. Kuna vijana wanapita na lori la kanta asubuhi baada ya upepo mkali, wanatafuta ploti zenye miti iliyoanguka, na wakiona nyumba imetolewa mabati ndiyo wanapiga breki. Wametula shilingi 45,000 na magogo ya saipresi iliyopandwa na marehemu babu yangu. Pesa inauma. Lakini mbao walizotuletea zilikuwa zipande juu ya chumba anacholala mama, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Tulikuwa tumeezua upande wa nyuma wa nyumba tubadilishe kenchi zilizooza. Mvua ya mwezi wa nne ikaja na upepo usiku, saipresi ikang'oka na mizizi yake ikaegemea ukuta, na mgrevilea wa karibu na geti ukapasuka katikati. Saa moja asubuhi walikuwa wamefika: helmeti, riflekta, kamba, pawasoo mbili. Mmoja wao, mpole kweli, akamwambia mama, "Pole sana, mama. Hii tunaitoa leo leo, wewe kaa tu upumzike." Akatoa karatasi iliyofungwa kwa plastiki, ina mhuri, eti kibali cha kaunti.

Karatasi hiyo ndiyo iliyotuangusha. Tulijua Nairobi huruhusiwi kukata mti bila kibali cha kaunti hata ukiwa uani kwako, kwa hiyo tulipoona mhuri tukatulia. Hatukuisoma ni kibali cha ploti gani.

Kukata, wakasema elfu 18, zitumwe kwanza. Kisha yule mpole akaangalia paa letu lililo wazi. "Mama, mbona ununue mbao na mti ni wako? Tupe magogo tukapasue, tuyatie dawa, tukuletee mbao za inchi mbili kwa nne za kupaua. Utalipa kazi ya kupasua na dawa tu, elfu 27." Huku kwetu saipresi ndiyo mbao ya paa, fundi yeyote atakuambia, na bei ya mbao mnaijua. Tukaona tumepata watu wa maana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mti uliong'oka na mizizi una mkazo. Ukilikata shina, kile kisiki na udongo wake kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo. Wao hawakukifunga kamba wala kukiwekea egemeo. Kilirudi kikapasua bomba la maji, na mama alikuwa amesimama hapo dakika chache kabla akiwapelekea chai. Mgrevilea waliuacha nusu, tawi limening'inia juu ya waya wa stima. Matawi yote wakatuachia uani. Magogo mazuri, manyoofu, yakapakiwa kwanza.

Baada ya siku tisa wakaleta mbao arobaini za futi kumi na mbili, jioni, giza likiingia. Zilikuwa na rangi ya kijani kama mbao za dawa zinavyokuwa. Nikatuma zile elfu 27 kwa namba ya simu ya mtu, si till ya biashara, na jina lililotokea halikuwa la mtu yeyote niliyeongea naye. Nililiona jina hilo, nikabonyeza hivyo hivyo.

Kesho yake fundi alichukua mbao moja, akaipima kwa mkono, akanyamaza. Akakata ncha yake kwa msumeno. Kijani kilikuwa ganda tu, kama rangi ya kucha. Ndani nyeupe, mbichi, imelowa. Akapigilia msumari, maji yakachuruzika pembeni mwa msumari. Kiganja chake kikabaki kijani. Akaniambia, "Hii nikiipandisha, ikikauka itajipinda na mabati yatainuka. Sitaki lawama." Tukapima: hakuna hata moja iliyofika mbili kwa nne kamili. Na sina uhakika hata kidogo kwamba zilitoka kwenye mti wetu.

Nikapiga simu: mteja hapatikani. Nikapeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili muamala urudishwe, pesa ilikuwa imeshatolewa. Nikaandikisha polisi, namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, ninayo. Halafu mama mmoja wa mtaa wa pili akanionyesha "kibali" alichoachiwa yeye, nami nikatoa picha niliyopiga ya chetu. Namba ile ile, tarehe ile ile, na ploti ni mbili tofauti.

Kwa hiyo wakija kwako, soma kibali mbele yao: kina jina lako na ploti yako? Kama hukuomba wewe, kimetoka wapi? Piga picha, nenda kaulize ofisi ya mazingira ya kaunti. Mti ulioanguka tayari hauendi popote. Magogo kutoka nje ya geti ni jambo jingine tena, kusafirisha kunahitaji kibali cha shirika la misitu, KFS, kwa hiyo anayekuambia "hakuna shida, tunajuana na askari" mfungie geti. Tawi likiwa limegusa waya, usimruhusu yeyote kupanda. Piga 97771 Kenya Power waje wazime kwanza. Ukitaka mbao kutoka kwa mti wako, mpasuaji aje apasulie hapo hapo uani ukiona, kisha zipangwe kivulini na vijiti katikati zikauke. Itachukua miezi, si siku tisa. Na mbao yoyote ya dawa, kata ncha ya moja uone ndani kabla hujatoa hata shilingi.

Mbao zetu bado ziko uani, zimeshaanza kujikunja. Sijazitupa, ni ushahidi. Kama walikupitia, nitumie inbox picha ya kibali walichokuonyesha tulinganishe namba, twende kituoni pamoja.